Saratani ya Kongosho: Msitupe Picha za Zamani

Ndugu zangu wa Kitale na Bungoma, mgonjwa aliyepasuliwa kongosho akienda Eldoret kuangaliwa, abebe picha zake zote. Moja niliikuta imeziba dirisha! Saratani hii hurudi mara nyingi ndani ya miaka 2, na daktari huitambua kwa kulinganisha skani ya CT ya leo na ile ya awali.

Damu nayo hupimwa CA 19-9. Ikizidi kupanda, yaweza kutangulia skani kwa miezi. Lakini namba moja isiwatie kiwewe: njia ya nyongo ikiziba, macho yakawa manjano, nayo hupanda. Tena wako watu ambao miili yao haitengenezi kitu hicho kabisa. Hao namba ndogo isiwadanganye, wategemee picha.

Akianza kukonda au kuumwa mgongo, asingoje tarehe ya kliniki.