Mfongo wa Hewa Juu ya Boneti

Mtu apandaye kwa gari la kale kutoka mjini Moshi kwenda Old Moshi, katika mwezi wa Januari jua linapochoma lami, huanza kusikia, mara tu barabara inapoingia migombani na kuukabili mlima, kwamba injini iliyokuwa ikiimba vizuri kule chini imebadili sauti: imekuwa nzito, inadai gea ya pili mahali ambapo ya tatu ingetosha, na nyuma ya gari unafuata moshi mweusi ambao haukuonekana Tanga wala Korogwe. Aghalabu lawama humwangukia fundi aliyeigusa injini mara ya mwisho, au muuza petroli. Lakini tukisema kwa insafu, yamkini wote wawili hawana hatia, kwani injini hiyo imekosa kitu kisichouzwa dukani, nacho ni hewa.

Nitatolea mfano Peugeot 404, gari lililotoka kwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1960, lenye injini ya sentimita za ujazo 1618 iliyolazwa upande, na ambalo watu wa Afrika Mashariki wana haki ya kulihesabu kuwa ni gari lao. Katika yale mashindano ya Safari yaliyoanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na yaliyokuwa yakizunguka nchi zetu tatu kwa vumbi na tope, 404 ilishinda mara nne, na mara mbili kati ya hizo, mwaka 1966 na 1967, usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland wa Tanzania, pamoja na mwenzake Chris Rothwell. Yeyote aliyebahatika kulirithi gari la namna hii kwa baba au mjomba anastahili kulitunza kwa maarifa, na mimi nawaheshimu sana vijana wanaoyafufua magari haya, ingawa katika jambo moja, lile la kutoboa boneti na kuipandishia mdomo wa kuvutia hewa, naona wengi wao wanaanzia mwisho.

Basi na tuanze mwanzo. Injini hailishwi petroli tupu. Kila gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 15 za hewa ili iungue sawasawa, na jambo la kushika hapa ni kuwa tunasema gramu, yaani uzito, ilhali mitungi ya injini hupima ujazo tu. Hewa ikiwa nyepesi, mitungi hujaa vilevile, lakini hujaa kitu kidogo. Hewa nayo hupungua uzito kwa sababu mbili. Ya kwanza ni urefu wa mahali: mjini Moshi, palipo kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa umebaki kama sehemu 90 katika 100 za ule wa Tanga, na ukifika lango la Marangu, penye mita zaidi ya 1,800, zimebaki kama 80. Kabureta, ambayo haijui kuwa imepanda mlima, huendelea kumwaga petroli karibu kwa kadiri ile ile, na ndipo ule moshi mweusi unapotokea. Sababu ya pili ni joto. Hewa ya chini ya boneti, iliyopita kwenye rejeta na kuzunguka bomba la moshi, yaweza kufika nyuzi 60 wakati ile ya nje ni 30. Na tofauti hiyo peke yake hupunguza uzito wa hewa kwa takriban sehemu 9 katika 100. Hasara ya mlima hakuna bati litakaloitibu. Hasara ya joto tiba yake imo katika uwezo wa fundi mwenye mkasi na nyundo.

Hapa ndipo lilipo kosa la wengi. Wao hudhani kwamba kazi ya mdomo ni kuusukuma upepo ndani ya injini kwa nguvu, na kwa hiyo wanautengeneza mkubwa kama mdomo wa kiboko, ukatazama mbele kwa kiburi katikati ya boneti. Hesabu haiwaungi mkono. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, msukumo wote wa upepo, hata ukidakwa bila kupotea hata chembe, huinua maji katika mrija kwa kiasi cha sentimita 4 tu, ambayo haifiki nusu ya sehemu moja katika 100 za mgandamizo wa hewa iliyotuzunguka. Na kwa mwendo wa kupandia Kidia, kule Old Moshi, msukumo huo ni kama haupo. Faida ni ubaridi wa hewa, si nguvu yake. Waundaji wa Marekani nao waliipata faida hii kwa njia mbalimbali: mwaka 1964 Ford walitoa gari la mashindano, Thunderbolt, lililonyang'anywa taa mbili za mbele za upande wa ndani ili mabomba ya hewa yapite katika matundu yake, na mwaka 1970 Chevrolet waliipa Chevelle kilango kinachofunguka nyuma ya boneti, kikitazama kioo, kwa kuwa upepo ukigonga mguu wa kioo hujikusanya pale na kutafuta pa kuingia.

Nikiufikiria mfano huu wa mwisho, huwakumbuka wazee wa Kichaga waliochimba mifongo, ile mifereji inayotoa maji mtoni kule juu na kuyapitisha ubavuni mwa mlima mpaka migombani. Mchimba mfongo hashindani na mto. Hutafuta kwanza mahali ambapo maji yenyewe yanataka kuingia, hufanya mlango mdogo unaoweza kuzibwa, na huacha njia ya kumwagia ziada na tope kabla halijafika shambani. Kila neno katika sentensi hiyo ni agizo kwa mtengenezaji wa mdomo wa hewa.

Mahali, basi, kwanza. Bandika vipande vya uzi wa sufu juu ya boneti nzima, mwombe rafiki aliendeshe gari nawe ukitazama kutoka gari jingine barabarani penye nafasi: uzi ulalao sawa waonyesha upepo unaoteleza tu, na uzi unaochezacheza au kurudi nyuma waonyesha mahali upepo unapojikunja, na aghalabu utauona karibu na kioo. Ukichagua mdomo wa kutazama kioo, mvua na wadudu hupungua. Ukichagua wa kutazama mbele, uinue sentimita chache juu ya bati, maana upepo unaoambaa boneti ni mvivu. Lakini usiuinue hadi ukamficha dereva mtoto anayevuka njia.

Ukubwa hauna haja ya kubahatishwa. Injini ya 404 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika huvuta kiasi cha lita 67 za hewa kwa sekunde, na gari lendalo kilomita 80 kwa saa hukutana na hewa hiyo yote katika mwanya wa sentimita za mraba 30, yaani mraba ambao kila upande wake ni kama upana wa vidole vitatu vya mtu. Mdomo wa sentimita 4 kwa 20 umekwisha kuzidi mahitaji.

Bati zuri hupatikana katika pipa la mafuta la lita 200, ambalo unene wake ni takriban milimita moja, nalo hukunjika bila kupasuka. Hadhari kubwa ipo hapa: pipa lililowahi kutiwa petroli lisiguswe kabisa kwa moto wala kwa mashine inayotoa cheche, hata likiwa tupu mwaka mzima, kwani mvuke uliosalia hulipuka na kuua. Chukua la mafuta ya kula, lioshe, ulikate kwa mkasi wa bati. Umbo lote litangulie kwa kadibodi, mpaka moyo uridhike, ndipo boneti itobolewe kwa keekee na msumeno, bila kukata mbavu zilizo chini yake, kwa maana mbavu hizo ndizo zinazoizuia isitetemeke. Na kingo za tundu zikunjwe, zipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo.

Chini ya mdomo panakaa sanduku la bati, nalo kwangu ndilo roho ya kazi nzima. Bomba liendalo kwenye mkebe wa chujio lisianzie sakafuni mwa sanduku bali lisimame sentimita 5 juu yake, na pembeni chini kabisa pawe na tundu la kutolea maji, lenye mpira unaoning'inia hadi chini ya gari. Hivyo mvua ya masika, ambayo upande huu wa mlima hainyeshi kwa kudokoadokoa, itaingia sandukuni na kutoka, isifike kooni mwa injini. Kati ya sanduku na boneti pazungushwe mpira laini ili hewa ya moto isipenye. Na chujio libaki mahali pake. Nimeona watu wakiliondoa ili injini ivute kwa wepesi, na wakalipeleka gari vivyo hivyo katika vumbi la Boma Ng'ombe, ambalo ni udongo wa volkeno uliosagika. Vumbi lile hukwangua ringi na kuta za mitungi kama tupa, na fedha ya kuchonga injini upya ni nyingi kuliko thamani ya boneti kumi.

Limebaki jambo la kilango. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta hunyonya joto, na hewa iliyo baridi tena yenye unyevu huweza kugandisha barafu kooni mwake, ijapokuwa nje hakuna barafu yoyote. Kwa hiyo ndani ya sanduku patiwe kipande cha bati chenye bawaba, ambacho kikiziba mdomo hufungua tundu la ubavuni mwa sanduku, nacho kivutwe kwa waya kutoka kwa dereva. Asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa umeifunika Old Moshi yote na kahawa ikidondosha umande, dereva hukifunga ili injini ivute ile hewa ya uvuguvugu ya chini ya boneti. Akiteremka mjini, jua likiwa limetoka na kilele cha Kibo kikiwa nyuma yake, hukifungua.