MAELEZO KUHUSU UPIMAJI WA MOSHI WA MAGARI YA ZAMANI YALIYOONGEZWA NGUVU: MFANO WA CALIFORNIA

Jimbo la California nchini Marekani linahesabiwa miongoni mwa sehemu zenye sheria kali kabisa za moshi wa magari duniani. Kwa mujibu wa sheria hizo, gari la petroli la toleo la mwaka 1976 au baadaye, likishapita miaka yake ya upya, hutakiwa katika sehemu kubwa ya jimbo kupimwa moshi kila baada ya miaka miwili. Lisipofaulu, mwenyewe hawezi kuhuisha usajili wake, na gari lisilo na usajili halina ruhusa ya kutembea barabarani. Sharti hilo linawahusu watu wote, lakini linawabana zaidi wenye magari ya zamani ya mwendo wa kasi ambayo injini zake zimebadilishwa ili kuongezwa nguvu. Mtu aliyetumia akiba ya miaka kadhaa kulitengeneza gari la namna hiyo huweza kujikuta na chombo kizuri kisichoweza kutoka uani.

Maelezo haya yanaonesha kwa nini magari hayo hukwama, na ni njia ipi halali ya kuyapitisha. Sehemu ya kifundi itawafaa pia wakaazi wa Visiwani, kwani magari mengi yanayoingizwa huku yametumika kwanza Japani, nayo chini ya boneti yana vifaa vya jamii ile ile vinavyotajwa hapa.

Ukali wa California haukuzuka bure. Mji wa Los Angeles umekaa katika bonde lililozungukwa na milima, ambamo hewa ya joto hutanda juu ya hewa ya baridi mithili ya kifuniko na kuuzuia moshi usipande. Tangu miaka ya 1940 wakaazi wake walisumbuliwa na utusitusi uliochoma macho na kubana vifua. Mkemia Arie Haagen-Smit alionesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba mvuke wa petroli isiyoungua na oksaidi za naitrojeni, vikipigwa na jua, hutoa gesi ya ozoni, nayo ndiyo iliyokuwa kiini cha madhara hayo. Bodi ya Rasilimali za Hewa ya California iliundwa mwaka 1967, na mtaalamu huyo akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Upimaji wa lazima wa magari ya watu binafsi ulianza mwaka 1984.

GESI TATU NA JINSI ZINAVYOPINGANA

Mashine ya kupimia hutazama gesi tatu. Ya kwanza ni haidrokaboni, yaani petroli iliyotoka bila ya kuungua. Ya pili ni kaboni monoksaidi, inayotokea petroli inapozidi hewa na kuungua nusu nusu. Ya tatu ni oksaidi za naitrojeni, zinazozaliwa pale joto ndani ya silinda linapopanda mno. Ugumu wa kazi umo katika kwamba dawa ya gesi moja mara nyingi huwa sumu ya nyingine. Fundi akiongeza petroli ili kupoza silinda, oksaidi za naitrojeni zitapungua lakini kaboni monoksaidi itaruka juu. Akipunguza petroli kupita kiasi, kaboni monoksaidi itashuka, joto litapanda, na hatimaye injini itaanza kukosa moto na kutema haidrokaboni.

Kifaa kinachosuluhisha ugomvi huo ni kataliti, ambayo mafundi wetu huiita masega kwa jinsi ndani yake ilivyo na vitundu kama sega la nyuki. Kataliti ya kisasa huziondoa gesi zote tatu kwa pamoja, lakini kwa masharti mawili: iwe imepata moto wa kutosha, na mchanganyiko unaoingia ndani ya injini uwe karibu na sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Ndiyo maana gari lenye kataliti mpya ya bei kubwa huweza kufeli kwa sababu tu kihisio cha oksijeni cha bei ndogo kimechoka na kuidanganya kompyuta ya injini. Na wale wanaong'oa masega wakidhani wanaipa injini pumzi, katika jimbo hilo hawana pa kwenda kabisa.

MOSHI SAFI HAUTOSHI

Wengi hudhani kwamba upimaji ni mashine peke yake. Sivyo. Kwa magari ya miaka ya 1976 hadi 1999 ukaguzi una sehemu tatu, na lazima zote zipite. Katika maeneo yenye hewa chafu zaidi, gari hupandishwa juu ya magogo ya chuma yanayozunguka, likaendeshwa papo hapo kwa mwendo wa kilomita 24 na kisha kilomita 40 kwa saa huku likitwishwa mzigo, na moshi wake ukipimwa. Baada ya hapo mkaguzi hujaribu utendaji wa vifaa kadhaa, pamoja na taimingi ya moto wa plagi na kifuniko cha tangi la petroli. Sehemu iliyobaki ni ya macho: mkaguzi hufungua boneti, husoma kibandiko cha kiwanda kinachotaja vifaa vya kuzuia moshi vya gari hilo, na kuvitafuta kimoja kimoja. Magari ya petroli ya mwaka 2000 na baadaye hayapandishwi tena juu ya magogo. Kompyuta yao ndiyo inayohojiwa, ingawa ukaguzi wa macho upo pale pale.

Hapo kwenye macho ndipo magari mengi yaliyobadilishwa yanapoangukia. Kifungu cha 27156 cha Sheria ya Vyombo vya Moto ya California kinakataza kufunga kifaa chochote kinachopunguza uwezo wa mitambo ya kuzuia moshi, isipokuwa kifaa hicho kimepata idhini ya Bodi. Idhini hutolewa kwa amri yenye namba, baada ya mtengenezaji kuonesha kwamba kifaa chake hakiharibu moshi wa magari yaliyotajwa. Hivyo turbo iliyoongezwa, njia mpya ya kuingizia hewa, manifoldi ya moshi ya mashindano au chipu ya kompyuta visivyo na namba huliangusha gari hata kama moshi wake ni safi kuliko ulivyokuwa lilipotoka kiwandani. Sheria haisikilizi hoja ya kwamba mashine imeonesha sifuri.

Kwa mwenye gari jambo hili huonekana dhuluma, na kwa kiasi fulani malalamiko yake yana msingi. Lakini kipimo cha dakika chache hakiwezi kuonesha gari linavyofanya asubuhi likiwa baridi, au tangi linavyovuja mvuke likiwa limeegeshwa juani. Idhini ya kifaa ndiyo inayoshughulikia saa zile ambazo mashine haipo. Ni vigumu zaidi kutetea mpaka wa mwaka 1975. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1997, magari yaliyotimiza miaka 30 yalikuwa yakisamehewa mwaka hadi mwaka. Sheria ya mwaka 2004 iliusimamisha msamaha huo, ukabaki kwa magari ya mwaka 1975 na ya kabla yake tu. Matokeo yake ni kwamba gari la 1975 linalotoa moshi mzito halipimwi, na la 1976 lililotunzwa kama yai hupimwa. Hata hivyo ieleweke kwamba kusamehewa kupimwa si ruhusa ya kuvua vifaa: Kifungu cha 27156 kinayahusu pia magari hayo ya zamani.

MFANO WA FORD MUSTANG

Mfano unaofahamika sana ni Ford Mustang yenye injini ya silinda nane iliyouzwa kwa jina la lita 5.0, ya miaka ya 1987 hadi 1993. Gari hili lilipendwa na vijana kwa kuwa lilikuwa jepesi na la bei nafuu, na vipuri vya kuliongeza nguvu vilijaa madukani. Kitu cha kwanza kilichokuwa kikitupwa ni pampu ya hewa, inayozungushwa kwa mkanda na kupuliza hewa kwenye njia ya moshi ili petroli iliyobaki imalizike kuungua. Faida yake katika nguvu ilikuwa ndogo. Katika ukaguzi, kukosekana kwa pampu ni kufeli kabla hata gari halijapanda juu ya magogo.

Taimingi nayo ina kisa chake. Kiwanda kiliagiza plagi iwake nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu kabisa, na kipimo hicho husomwa baada ya kung'oa kiunganishi kidogo kilicho karibu na distribyuta ili kompyuta isiingilie. Wapenda kasi huizungusha distribyuta hadi nyuzi 14 au zaidi, na gari huamka kweli. Lakini moto wa mapema hupandisha joto la silinda, na oksaidi za naitrojeni hupanda nalo. Kuirudisha nyuzi 10 ni kazi ya dakika chache isiyogharimu kitu, na pengine ndiyo tofauti ya kupita na kufeli.

Kamshafti ya mashindano ni tatizo la namna nyingine. Mkaguzi hawezi kuiona, kwa kuwa imo ndani ya injini. Moshi ndio unaoisema. Kamshafti hiyo huziacha vali ya kuingizia na ya kutolea zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu zaidi, na katika mwendo mdogo petroli mbichi hupenya moja kwa moja hadi kwenye bomba. Haidrokaboni hupanda, injini hutetemeka, na hakuna marekebisho ya nje yatakayoficha. Anayetaka kubadili kamshafti bila ya kujitia matatani hana budi kuchagua iliyo na namba ya idhini kwa gari la aina na mwaka ule ule alionao. Namba ya gari jingine haimsaidii.

Vipo vitu visivyohitaji namba. Bomba na silensa zilizo nyuma ya kataliti ziko huru kwa upande wa moshi, na vipuri vinavyolingana na vya kiwandani haviulizwi. Kataliti yenyewe, ikinunuliwa isiyo ya kiwanda, lazima iwe imeidhinishwa na Bodi kwa gari husika. Masharti ya kataliti hizo yalikazwa kuanzia mwaka 2009.

KUBADILISHA INJINI

Anayeng'oa injini na kutia nyingine haruhusiwi kwenda kwa mkaguzi wa kawaida kwa mara ya kwanza. Gari hupelekwa kwa Mwamuzi, ambaye ni ofisi maalumu inayofanya kazi chini ya usimamizi wa serikali ya jimbo. Kanuni kubwa ni kwamba injini iwe ya mwaka sawa na wa gari au mpya zaidi, itoke katika gari la daraja linalofaa, na ije na vifaa vyake vyote vya kuzuia moshi, kuanzia kataliti hadi mkebe wa mkaa unaonasa mvuke wa tangi. Gari la 1987 laweza kutiwa injini ya 1991. Kinyume chake hakikubaliwi. Mwamuzi akiridhika hubandika kibandiko kwenye fremu ya mlango, na tangu hapo wakaguzi wa kawaida hulipima gari kwa kufuata kibandiko hicho.

MATAYARISHO

Makosa mengi husahihishika kabla ya siku ya ukaguzi. Mipira ya vakyumu iliyopasuka huingiza hewa ya wizi na kukosesha silinda moto. Vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ikiziba kwa masizi, oksaidi za naitrojeni huzidi hata kama mengine yote ni sawa. Kuisafisha hutosha mara nyingi. Plagi na nyaya zake zikaguliwe, oili chakavu ibadilishwe, na vibandiko vya idhini viwekwe mahali vinapoonekana, karatasi zake zikiwa ndani ya gari. Siku yenyewe gari liendeshwe kama dakika 20 kabla ya kufika, ili kataliti iwe na moto. Gari lililongoja foleni huku limezimwa limekwisha kupoteza sehemu ya matayarisho hayo. Kwa magari ya mwaka 2000 na baadaye, betri isifunguliwe karibu na siku ya kupimwa, kwani kompyuta iliyosahau kumbukumbu zake huhesabiwa kuwa haiko tayari.

Vituo vingi hukubali pia kufanya upimaji wa majaribio kwa malipo. Mwenye gari hupata tarakimu zake bila ya matokeo kuandikwa serikalini, naye fundi huzisoma kama daktari asomavyo vipimo: kaboni monoksaidi ikizidi peke yake, petroli ni nyingi, haidrokaboni peke yake, moto unakosekana, oksaidi za naitrojeni peke yake, atazame joto, taimingi na vali ya kurudisha moshi, zote tatu zikizidi, kataliti imekufa au haijapata moto.

Gari likifeli, mwenyewe hupewa taarifa inayoonesha kila kipimo pamoja na kiwango kinachoruhusiwa, na huweza kulitengeneza na kulirudisha. Wenye kipato kidogo wanao mpango wa jimbo wa kuwasaidia gharama za matengenezo. Mwenye kubishana na mkaguzi juu ya namba ya kifaa huweza pia kumpelekea Mwamuzi shauri lake. Likifaulu, hutozwa dola 8.25 za cheti juu ya malipo ya kituo, na taarifa hupelekwa kwa mtambo wa kompyuta kwenye idara ya usajili. Cheti hicho hutumika kwa siku 90, na mwenye kuuza gari ndiye anayepaswa kumkabidhi mnunuzi.