Kaa Jikoni: Hukumu Yake, Kumuua kwa Ihsani na Kumpika

Mwenye kununua samaki huleta nyumbani mfu. Mwenye kununua kaa huleta roho. Yumo ndooni, magando yamefungwa kamba, povu lamtoka mdomoni, na watoto wamemzunguka kumtazama. Hapo huzuka maswali mawili ambayo akina mama wametuuliza mara nyingi: je, huyu yafaa kuliwa? Na ikiwa yafaa, auawe vipi?

Tuanze na la kwanza, kwani hakuna faida kukuna nazi kabla hukumu haijajulikana. Sisi watu wa mwambao wengi wetu ni Mashafii, na ndani ya madhehebu yetu wenyewe jambo hili lina khitilafu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika Minhaj amemtaja kaa pamoja na chura na nyoka miongoni mwa viumbe waishio nchi kavu na majini, akawaharimisha. Lakini Imam huyo huyo, katika Majmuu, amesema kuwa kauli sahihi yenye kutegemewa ni kwamba wafu wote wa baharini ni halali isipokuwa chura. Wamaliki humhalalisha kaa. Mahanbali nao, kama alivyoeleza Ibn Qudama katika Al-Mughni, humhalalisha bila ya kuchinjwa, kwa kuwa hana damu. Mahanafi ndio waliobana: kwao halali ya baharini ni samaki tu.

Mzizi wa khitilafu si dalili, kwani aya ya 96 ya Suratul Maida na hadithi ya kutohara kwa maji ya bahari wote wazijua. Mzizi ni kumjua kaa mwenyewe: ni kiumbe wa bahari, au wa pande mbili? Kaa wetu wa mikoko huweza kukaa siku kadhaa nje ya maji akiwekwa penye unyevu, na hilo ndilo lililowatia shaka wengi. Hata hivyo yeye hupumua kwa matamvua ambayo sharti yawe na majimaji, na jike hutoka horini akaenda bahari kuu kuangua mayai yake. Mwaka 2002 Baraza la Maulamaa la Indonesia, nchi ya Mashafii kama sisi, liliwasikiliza wataalamu wa viumbe vya majini kisha likatoa fatwa kuwa kaa wa namna hii ni halali maadamu hamdhuru mlaji. Sisi twaegemea upande huo. Kaa wa nchi kavu, wachimbao mashimo mashambani, maneno haya hayawahusu.

Aliyeshika kauli ya Minhaj asicheke wala asichekwe. Na mgeni asipakuliwe mchuzi wa kaa pasipo kuambiwa, hasa ndugu zetu wa Kihanafi. Tumeona watu wakinyamaza mezani kwa haya, na haya hiyo mwenyeji ndiye angeiondoa kwa neno moja.

Sasa la pili, ambalo kwetu ndilo zito zaidi. Katika nyumba nyingi kaa hutupwa mzima mzima katika sufuria ichemkayo, kifuniko kikashikiliwa kwa mkono mpaka makeke yake yaishe. Husemwa kuwa kaa hachinjwi, basi hana haki. Hiyo ni fikra mbovu. Kutochinjwa ni tahafifu kwetu sisi walaji. Si ruhusa ya kumtesa. Hadithi ya Shaddad bin Aws katika Sahihi Muslim imefaradhisha ihsani juu ya kila kitu, hata katika kuua, na kaa hakutolewa humo. Uswisi, nchi isiyo na bahari, tangu mwaka 2018 imeharimisha kwa sheria kumchemsha kambakoche akiwa hai. Sisi tuliokuwa na hadithi hiyo karne zote hizi tulistahili kuwatangulia.

Njia ni nyepesi. Asifunguliwe kamba. Atiwe katika ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji ya bahari au maji ya chumvi, kwa dakika 20 au zaidi, na kaa mkubwa apewe hata nusu saa. Baridi humlegeza na kumpoteza fahamu. Akiguswa macho asipoyarudisha ndani, yu tayari. Basi alazwe chali, itajwe Bismillah, kikunjuliwe kile kifuniko cha tumboni. Chini yake pana kishimo. Hapo idungwe ncha kali ya chuma, iteremshwe mpaka iguse gamba la juu, izungushwe. Kisha idungwe tena upande wa mbele, katika kibonde kilichoko kati ya macho, kwani kaa hana ubongo mmoja kama mbuzi. Ana vituo viwili vya neva, na vyote viwili sharti vikatwe. Yote hayo hayachukui hata nusu dakika. Mpishi naye hupata faida yake: kaa atiwaye motoni akiwa hai huangusha miguu na magando, utamu wake ukamwagikia majini.

Sokoni achaguliwe mzito kuliko umbo lake. Aliyetoka kujivua gamba huwa mwepesi, ndani maji matupu. Dume kifuniko chake chembamba, jike chake kipana. Jike aliyebeba mayai nje, chini ya kifuniko, aachwe arudi. Nyumbani akae kivulini chini ya gunia bichi, si katika ndoo ya maji yaliyotuama, atakosa hewa. Akifa mwenyewe kabla ya kupikwa atupwe, kwa kuwa nyama yake huharibika upesi mno. Uhalali wa mfu wa bahari hauondoi madhara ya sumu.

Akiisha kuuawa, bandua gamba la juu, toa matamvua ya kijivu na kifuko kilicho nyuma ya mdomo, kisha mkate vipande viwili au vinne na uyapasue magando kwa mchi. Kaanga kitunguu, thomu na tangawizi, utie nyanya, manjano na pilipili mbichi. Tia vipande pamoja na tui jepesi, uviache vichemke kama robo saa hadi gamba liwe jekundu na nyama iwe nyeupe isiyopenyeza nuru. Kasimile huja mwisho, moto ukiwa mdogo, na mwiko usitulie, ama sivyo tui litakatika. Ndimu ikamuliwe sufuria ikishatelekuliwa.

Mtoto alaye kaa mara ya kwanza apewe kidogo, aangaliwe. Wako ambao miili yao huvimba na pumzi kubana. Magamba yafukiwe shimoni jioni hiyo hiyo, chini ya mpapai au mdimu, kabla paka wa mtaa hawajayatangaza.