Leverage: maana yake na tafsiri yake kwa Kihispania

Neno la Kiingereza leverage ni nomino iliyoundwa kutokana na lever, yaani wenzo: mti au chuma kinachoegemezwa mahali ili nguvu kidogo ya mkono iweze kuinua mzigo mzito. Asili yake ya mbali ni kitenzi cha Kilatini levare, chenye maana ya kuinua, kilichopitia Kifaransa cha kale kabla ya kufika Uingereza. Waingereza wengi huitamka silabi ya kwanza kwa irabu ndefu, «liiv». Wamarekani huitamka kwa irabu fupi, «lev».

Maana ya fizikia haina taabu. Yenye taabu ni ile ya ushawishi, kwa kuwa si kila ushawishi huitwa leverage. Msemaji hodari huweza kuwashawishi watu kwa ulimi wake tu, lakini hana leverage mpaka awe ameshika kitu ambacho mwenzake anakihitaji au anaogopa kukikosa. Makuli wanaoweza kugoma wakati meli imejaa matunda yanayokaribia kuoza wanayo. Mpangaji ambaye nyumba nyingine tatu zinamsubiri anayo. Yule ambaye mkataba wake unakwisha kesho naye hajapata pa kuhamia hana. Kwa Kiswahili, neno linalokaribia zaidi ni turufu, au kwa urefu kidogo, nguvu ya kumbana mwenzio katika majadiliano.

Kwa Kihispania wenzo ni palanca, neno la jinsi ya kike, lililotokana na phalanga ya Kilatini. Phalanga zilikuwa magogo yaliyowekwa chini ya vyombo ili kuvisukuma majini au kuvitoa pwani, kazi ambayo wavuvi wetu wanaijua vema. Mfasiri akishaona kwamba lever ni palanca, hudhani kazi imekwisha, na hapo ndipo anapoteleza. Katika nchi nyingi za Amerika ya Kilatini, tener palanca ni kuwa na mtu wako ndani ya ofisi: mjomba wizarani au rafiki wa mkubwa, anayekupitishia jambo bila wewe kupanga foleni. Ni kule kujuana kunakolalamikiwa hata huku kwetu. Nchini Hispania jambo hilohilo huitwa enchufe, neno la kawaida la plagi ya umeme.

Basi chama cha wafanyakazi kikiandika kwa Kiingereza «We have leverage», kikiwa na maana kwamba kiwanda hakiwezi kuendelea bila mafundi wake, kisha mfasiri akaandika «Tenemos palancas», msomaji wa Mexico ataelewa kwamba chama kinajivunia jamaa zake serikalini. Dai la haki litakuwa limegeuka kukiri upendeleo. Tafsiri salama ni «Tenemos poder de negociación», tuna nguvu ya kujadiliana, au «capacidad de presión», uwezo wa kushinikiza, pale maneno yanapokuwa makali zaidi. Influencia nayo si kosa, ila ni pana mno: haisemi nguvu hiyo inatoka wapi, ilhali ndilo jambo ambalo leverage hulisisitiza.

Katika fedha mambo hugeuka. Hapa Kihispania kina istilahi yake thabiti, apalancamiento, ya jinsi ya kiume, nayo ni kutumia fedha za mkopo ili mtaji mdogo ufanye kazi ya mtaji mkubwa. Mtu mwenye euro 20,000 akikopa 80,000 na kununua nyumba ya 100,000, bei ikipanda kwa asilimia 10 amepata 10,000, yaani nusu ya mtaji wake, kabla ya kutoa riba. Bei ikishuka kwa asilimia hiyohiyo, nusu ya mtaji imepotea; ikishuka kwa asilimia 20, hana kitu, na deni liko palepale. Waingereza huiita hali hii gearing, kwa mfano wa gia, lakini Kihispania hakitofautishi: yote mawili ni apalancamiento.

Kitenzi to leverage, kinachopendwa mno katika ripoti za makampuni, mara nyingi hakisemi zaidi ya kutumia vizuri. Aprovechar hutosha. Apalancar katika nafasi hiyo husikika kama lugha ya benki iliyopotea njia, na kikiwa apalancarse, katika mazungumzo ya mitaani nchini Hispania, humaanisha kujibweteka mahali, kwa mfano kwenye sofa, na kukataa kuondoka.