Mzee ni Mwanachama, Si Mzigo wa Chama

Chama cha ushirika hudumu kwa nguvu za wanachama wake, nazo nguvu hizo hupungua kadiri umri unavyosonga. Mahali ambapo vijana wamehamia mijini na wazazi wamebaki na mashamba, majina katika daftari la wanachama huwa yale yale, ilhali mazao yanayofika ghalani hupungua mwaka hata mwaka. Hapo huzuka swali: je, wazee hao wahesabiwe kuwa mzigo, au wangali na sehemu yao katika ujenzi wa taifa?

Japani ni nchi iliyolazimika kulijibu swali hili. Mwaka 1970, watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi walikuwa 7 katika kila watu 100. Leo wamefikia takriban 29. Tangu mwaka 1961 serikali ya huko imeweka utaratibu wa pensheni unaowahusu raia wote, wakulima wakiwamo. Lakini fedha peke yake haimpi mzee kazi wala afya. Katika hayo mawili, ushirika wa wakulima umetoa mafunzo yafaayo kuzingatiwa.

Funzo la kwanza ni la kazi. Katika Kamikatsu, mji mdogo wa milimani mkoani Tokushima, wakulima walitegemea machenza hadi Februari 1981, baridi kali ilipoiua miti yao. Kupanda upya na kungoja mavuno kulihitaji miaka ambayo wengi wao hawakuwa nayo. Bwana shamba wa ushirika, Tomoji Yokoishi, alitambua kwamba mikahawa mikubwa hupamba sahani za chakula kwa majani ya miti, na kwamba jani ni jepesi hata mkononi mwa ajuza. Mwaka 1986 kazi ilianza na wanawake wanne. Hapo awali majani hayakupata wanunuzi, kwa kuwa hayakulingana na matakwa ya wapishi. Yokoishi akaenda mikahawani kujifunza, kisha akarudi kuwafundisha wanachama namna ya kuchagua na kufungasha. Biashara ikastawi, na akina bibi wenye zaidi ya miaka 70 wakajipatia kipato chao wenyewe.

Funzo la pili ni la afya. Daktari Toshikazu Wakatsuki, aliyefika Saku mkoani Nagano mwaka 1945 kufanya kazi katika hospitali ya ushirika wa wakulima, aliona kwamba wanavijiji huvumilia maradhi mpaka yanapokuwa mazito. Basi hakuwangoja hospitalini. Aliwafuata vijijini pamoja na wauguzi wake, na wakatunga michezo ya kuigiza iliyoeleza magonjwa kwa lugha nyepesi. Tangu mwaka 1959, wakazi wa kijiji cha Yachiho wakawa wanapimwa afya kila mwaka. Leo Nagano ni miongoni mwa mikoa ya Japani ambayo watu wake huishi umri mrefu zaidi.

Mifano yote miwili si ya sadaka. Huko Kamikatsu kazi ilibadilishwa ili ilingane na nguvu zilizobaki. Huko Yachiho nguvu zililindwa kabla hazijapotea. Chama kinachomngoja mwanachama mpaka aanguke hakitakuwa na la kufanya ila kumchangia.

Kwa hiyo inafaa kila katibu alipitie daftari la wanachama na kuandika umri wa kila mmoja, ili halmashauri ijue hali ya chama ilivyo. Mkutano mkuu nao ujadili ni kazi zipi nyepesi zenye soko la hakika, kwani jani lisilo na mnunuzi ni takataka tu. Siku za kukusanya mazao, wanachama wote wanapokuwa pamoja, zaweza pia kuwa siku za kupima afya, kwa kushirikiana na zahanati iliyo karibu. Na kila mwanachama ahimizwe kumwandikisha mrithi wa hisa zake angali hai, ili shamba lisigeuke pori na familia isiingie katika ugomvi.

Wahenga walisema kuwa penye wazee haliharibiki neno. Hata hivyo, neno hilo halitasikika iwapo mzee hana nafasi katika kikao wala katika kazi ya chama chake.