Tachidauni Ipi Iliyo Kuu?

Vijana wetu waliokulia huku Marekani wanapobishana juu ya futiboli ya Chuo Kikuu cha Auburn, ubishi huishia kwa Chris Davis. Novemba 30, 2013, Auburn na Alabama walikuwa sare, 28 kwa 28. Saa ilikwisha, kocha wa Alabama, Nick Saban, akadai irudishwe sekunde moja, akapewa. Sekunde moja tu, jamani! Mkwaju wa yadi 57 ukapungua, Davis akaudaka mpira mwisho kabisa wa upande wao, akauvuka uwanja mzima: 34 kwa 28.

Sisi wazee twashikilia ile ya 1972. Alabama, ambao hawakuwa wamefungwa msimu ule, waliongoza 16 kwa 3. Bill Newton akauzuia mkwaju wao kwa mwili wake. David Langner akaudaka mpira ulipodunda, akafunga. Dakika chache baadaye, wawili wale wale, jambo lile lile! Auburn 17, Alabama 16.

Davis alipewa nafasi na wapinzani. Newton aliitafuta mwenyewe, mara mbili, na vijana wetu hata jina lake hawalijui.