Picha Zinazosema Jii

Ukitoka Dodoma mjini kwenda Babati, utaipita Kondoa kisha utafika Kolo. Hapo ndipo ilipo baadhi ya michoro ya miambani iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mchoro mmoja unaonyesha watu wembamba wenye vichwa vikubwa, na aliye katikati ameshikwa huku na huku. Mtafiti Mary Leakey, aliyeinakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, aliona mwanamke anayetekwa. Watafiti waliokuja baadaye wakautazama mchoro huo kwa jicho la ngoma za uganga za Wasandawe, wakaona watu waliopandisha wakishikwa na wenzao wasianguke. Mwamba ni uleule na rangi ni ileile. Kilichopotea ni maneno yaliyokuwa yakisemwa mbele yake.

Naanzia Kolo kwa sababu vijana wengi wanaoipenda manga, yaani vitabu vya hadithi za picha vya Kijapani, husema kwamba picha haina lugha, hivyo hakuna hasara kuisoma kwa Kiingereza kwenye simu. Hasara ipo, tena kubwa. Manga imejengwa juu ya tabia za lugha ambazo ni haba katika Kiingereza na tele katika Kiswahili. Mtu anayeanza kuisoma leo, akiwa amekulia kwenye Kiswahili, tayari ana masikio yanayotakiwa.

Kwanza tuifahamu yenyewe. Jina manga lilipata umaarufu kupitia vitabu vya michoro vya mchoraji Hokusai, cha kwanza kikitoka mwaka 1814, lakini manga tunayoijua leo ni mtoto wa miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1947 kijana aitwaye Tezuka Osamu, aliyekuwa akisomea udaktari, alichora Shin Takarajima, kitabu ambacho picha zake zilikwenda kama kamera ya sinema: karibu, mbali, karibu zaidi. Wachoraji wa kizazi kilichofuata walikulia humo. Kisha yakaja magazeti ya kila wiki, mazito, yaliyochapwa rangi moja kwenye karatasi rahisi, kila hadithi ikipata kurasa zipatazo 20 na kukatishwa panapouma. Shonen Jump, lililoanzishwa mwaka 1968, lilifika nakala zaidi ya 6,500,000 kwa toleo moja katikati ya miaka ya 1990. Wasomaji hupiga kura kwa kadi, na hadithi isiyopendwa hukatwa. Zilizodumu hukusanywa kuwa vitabu vidogo, na hivyo ndivyo vinavyotufikia huku.

Sasa tuje kwenye sauti. Fungua ukurasa wowote wa manga ya Kijapani utaona herufi kubwa zilizochorwa kwa mkono katikati ya picha, nyingine zimepinda, nyingine zimepasuka pamoja na ukuta. Hizo ni tanakali. Kijapani kina maelfu ya maneno ya namna hii, na si yote yanaiga mlio: mengine yanaiga hali. Moyo unaodunda kwa hofu au mapenzi ni doki doki. Kinachometameta ni kirakira. Chumba kisicho na sauti kabisa huandikwa shiin, na msomaji wa Kijapani akiliona neno hilo husikia ukimya. Mfasiri wa Kiingereza hukwama papo hapo. Ama huziacha herufi za Kijapani na kubandika maelezo madogo pembeni, ama huandika neno lenye maana ya kimya, jambo ambalo ni sawa na kumkatiza msimulizi ili umweleze msikilizaji kwamba sasa pametulia. Kiswahili kina jii. Kina giza totoro, nyeupe pe, nyekundu pyu, kulala fofofo, kulowa chapachapa, kufunga ndi, kuanguka pu, kutumbukia chubwi. Bibi anayesimulia hadithi jioni hatamki kwamba fisi alianguka kwa kishindo. Atasema fisi pu!, na watoto wanamwona fisi chini. Hata tabia ya kurudia neno, doki doki na kirakira, ni ya kwetu pia: chapachapa, metameta, harakaharaka. Lugha hizi mbili hazina undugu wowote, lakini zinapokutana kwenye ukurasa uliochorwa zinaelewana kuliko inavyotarajiwa.

Jambo la pili ni heshima. Katika manga, jinsi mhusika anavyoitwa ni sehemu ya hadithi. Senpai ni aliyekutangulia shuleni au kazini. Sensei ni mwalimu, lakini pia ni daktari, mwanasheria, mchoraji wa manga mwenyewe, na hata mbunge. Siku mhusika anapoacha kuweka san ya heshima mwisho wa jina la mwenzake, kuna jambo limebadilika kati yao. Kiingereza huziacha heshima hizo bila tafsiri au huzifuta. Msomaji wa Dodoma, anayeishi katika mji wa Bunge na kusikia mheshimiwa kutwa nzima, anayemwamkia mkubwa shikamoo na kumwita fundi kwa ufundi wake hata kabla ya kulijua jina lake, hahitaji kuelezwa kwa nini mtu anakasirika kuitwa jina tupu.

Juu ya mwelekeo wa kusoma sitakawia. Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na wachapishaji wa Marekani mwanzoni waligeuza kurasa kama kwenye kioo, hata wapiganaji wakawa wanashika panga kwa mkono wa kushoto. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto, muda mrefu kabla ya herufi za Kirumi. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa hivyo, ni wa 1728. Mtoto wa madrasa pale Kondoa hufungua kitabu upande huohuo kila siku.

Wapo watakaosema kwamba manga imejaa damu na uchafu. Ipo ya namna hiyo, na haiwafai watoto. Lakini Wajapani hupanga manga kwa umri: shonen ni ya wavulana, shojo ya wasichana, seinen ya wanaume watu wazima. Mzazi aulize ni ya kundi gani kabla ya kumpa mtoto. Na anayedhani kuwa picha ni mambo ya kitoto asome Hadashi no Gen ya Nakazawa Keiji, iliyoanza kutoka mwaka 1973. Nakazawa alikuwa na umri wa miaka sita bomu la atomiki analolisimulia humo lilipoanguka Hiroshima, akawapoteza baba, dada na mdogo wake.

Wengine wanahofu kwamba manga itawameza wahusika wetu wa katuni: Chakubanga wa Christian Gregory, aliyewachekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru, pamoja na Lodi Lofa na Ndumilakuwili wa gazeti la Sani. Hofu hii naiheshimu. Lakini Tezuka mwenyewe alijifunza kwa kutazama filamu za Disney mara nyingi mno, na kilichotoka mkononi mwake kilikuwa cha Kijapani. Kinachowamaliza wachoraji wetu ni kukosa magazeti ya kuwachapisha.

Pingamizi zito zaidi ni la soko. Manga Plus, programu ya simu ya kampuni ya Shueisha iliyoanza mwaka 2019, imefika hadi Kithai, Kiindonesia na Kivietnam, lakini Kiswahili hakimo. Nani atalipia tafsiri, ikiwa vijana wanasoma kwa Kiingereza bure? Jibu lipo katika vibanda vya video. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alisimulia filamu za Marekani, India na Hong Kong kwa Kiswahili juu ya sauti za asili za filamu hizo, na watu walilipa kuzitazama, zikiwemo zile walizoweza kuzipata bila yeye. Walilipia Kiswahili chake.

Anayetaka kuanza leo, aanze na Black Jack ya Tezuka, hadithi za daktari mpasuaji asiye na leseni. Karibu kila sura ni kisa kamili, hivyo hakuna haja ya kufuatilia vitabu kumi ili kujua mwisho. Aisome kwa lugha yoyote atakayoipata, na kila penye herufi kubwa zilizochorwa ndani ya picha, aziruke zile za Kiingereza na atamke kwa sauti neno ambalo bibi yake angelitumia.